Maji ya Ijumaa ya Darasa la Tano

Maji ya moto yakimiminwa ndani ya mtungi wa plastiki hutoa harufu yake. Si kali sana. Ni harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa humo zamani, ikichanganyika na ya plastiki inayotaka kulegea. Watu wengi hapa Garsen hawaisikii hata kidogo, nami nikiisikia hutoka nje. Juzi binti yangu wa kwanza alimimina sufuria nzima kwenye mtungi wa manjano ili ampelekee mgeni maji ya kuoga, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeupiga mtungi teke. Maji yalitapakaa sakafuni yakamchoma mguu. Alilia, nikamkemea kwa kulia, kisha nikalia mimi. Aliniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia aniache.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi. Hamnijui, hamtanitazama kwa macho ya kulaumu mezani, na jambo lenyewe nimelibeba miaka mingi mno.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano. Mwaka huo Mto Tana ulivunja kingo ukakaa katika mashamba yetu wiki nyingi. Ulipoondoka ulituachia matope, migomba iliyolala chini, vyoo vilivyobomoka na mizoga ya ng'ombe iliyovimba kwenye vichaka. Kijiji chetu kiko mbele ya Idsowe, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Sisi Wapokomo tulikaa kando ya mto, Waorma walikaa juu kwenye uwanda na ng'ombe wao, na shule ilikuwa katikati, ikisomesha watoto wa pande zote mbili. Tulicheza pamoja, tukapigana pamoja, na jioni kila mmoja akarudi kwao. Wazee wa pande zote walikuwa na makovu ambayo hawakupenda kutueleza yalitoka wapi.

Kisha kipindupindu kikaingia. Watu wazima walikuwa wakilitaja jina lake kwa sauti ya chini, lakini ugonjwa wenyewe haukuwa na adabu. Ulimpiga mtu asubuhi akiwa mzima na jioni ukamwacha macho yamezama, ngozi imekunjamana, miguu inakazana kwa misuli hadi watu wawili wamshike. Shangazi yangu alianza kuharisha akiwa shambani na hakuweza kurudi nyumbani kwa miguu yake. Walimbeba kwenye mlango wa nyumba waliong'oa bawabani, wakampandisha pikipiki, wakampeleka Garsen, na Mama akaenda naye kumuuguza.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mwanamke, Mwalimu Zahara. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mwendo wa haraka, na fimbo ya mkwaju aliyoibeba kama wengine wanavyobeba mkoba. Alitoka juu, upande wa Hola, Mpokomo lakini Mwislamu, na hilo lilimfanya asiaminiwe na yeyote. Watu wa kijijini kwetu, ambao wengi wetu ni Wakristo, walisema moyo wake uko kwa Waorma kwa sababu anaswali nao. Waorma walisema Mpokomo ni Mpokomo tu, hata akiswali mara kumi. Yeye hakubembeleza upande wowote, na alitupiga wote sawasawa.

Nisiwafiche, nilimchukia. Wakati ule kupiga watoto shuleni kulikuwa kumekatazwa kwa maandishi, na maandishi hayo yalibandikwa mlangoni mwa ofisi yake. Alituchapa chini yake. Kipindupindu kilipokuja akawa mkali maradufu. Aliyekutwa akichangia kikombe na mwenzake alichapwa, na aliyepeana mkono na mwenzake walichapwa wote wawili. Mpishi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alipigwa kwa mwiko wake mwenyewe kwa sababu alitoka chooni akaingia jikoni bila kunawa. Sisi tuliokuwa kwenye foleni ya pure, mahindi na maharagwe ya mchana, tulicheka hadi tukachapwa kwa kucheka.

Wazazi walitaka afunge shule. Alikataa mbele yao wote, katika mkutano uliofanyika uwanjani, na nakumbuka alivyomnyooshea mtu mmoja fimbo. "Nikifunga, mtoto wako atakunywa nini nyumbani kwako? Sema. Atakunywa nini?" Sote tulikunywa mto, na mto ulikuwa umepita katika vyoo vya nusu ya kaunti.

Mwanzoni afisa wa afya aliletwa kwa pikipiki, akatuachia vidonge vya kutibu maji. Viliisha wiki ya pili. Barabara ilikatika tena na vingine havikuja. Hapo ndipo Mwalimu Zahara alipotunga utaratibu wake, na nitaueleza vizuri kwa sababu mambo yote yalitoka hapo.

Kila darasa lilipewa pipa lake dogo la bluu lenye kifuniko na bomba. Hakuna darasa lililoruhusiwa kunywa katika pipa la darasa lingine, ili ugonjwa ukiingia mahali ubaki hapo hapo. Kila siku watoto wawili wa kila darasa walikuwa na zamu ya kuleta maji, kila mmoja mtungi wa lita kumi, yaliyochemshwa alfajiri. Jioni yaliyobaki yalimwagwa na pipa likasuguliwa kwa sabuni na majivu. Ilikuwa akili kubwa, na leo naisifu. Lakini angejuaje kwamba maji yamechemshwa kweli? Hakuwa na kipimo chochote. Basi alisimama langoni, fimbo mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto akakiweka kwenye ubavu wa mtungi wako. Ukiwa wa moto, ulipita. Ukiwa wa baridi, maji yalimwagwa hapo hapo na wewe ukachapwa.

Mnaona kosa liko wapi? Sisi tuliliona siku ya tatu.

Mara yangu ya kwanza kuleta, Mama alikuwa bado nyumbani. Alichemsha maji hadi yakatokota, nikaona kwa macho yangu. Lakini kuni zilikuwa mbichi, alichelewa, na kwa hofu ya kuniunguza akayaacha yapoe kidogo kabla ya kuyamimina. Nilitembea taratibu, kata ya nguo kichwani, mtungi juu yake. Nilipofika yalikuwa vuguvugu tu. Kiganja cha Mwalimu Zahara kikakaa pale kwa muda, kikaondoka. "Baridi," alisema. Nilisema, "Madam, yamechemka, naapa." Alinichapa nne za mikononi na moja ya mguuni kwa kuapa. Maji yetu safi yakamwagwa mchangani.

Siku hiyo hiyo mvulana wa darasa la sita alipita na maji ya mto yaliyokuwa yametiwa maji ya moto ya thamosi moja tu ya chai. Alitusimulia akijisifu wakati wa mapumziko. Kuanzia hapo habari zilienea pande zote mbili za shule. Ukitia maji ya moto ya thamosi katika mtungi wa maji baridi, ukaufunika kwa leso na kutembea haraka, mtungi ulifika langoni na joto la kutosha kumridhisha Madam. Fimbo yake ilitufundisha kuleta maji ya moto. Safi lilikuwa jambo jingine.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Habiba, msichana wa Kiorma niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa mrefu kunishinda, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hesabu alizijua kuliko wote. Maji ya kwao siku zote yalinuka moshi, kwa sababu mama yake aliyachemsha juu ya moto wa kuni kavu za uwandani. Mvulana mmoja wa kijijini kwetu alipenda kumwambia mbele ya watu kwamba maji yake ni mkojo wa ng'ombe. Siku moja nilimrukia mvulana huyo nikamng'ata sikio hadi damu ikatoka. Alinipiga ngumi ya mdomo, jino langu la mbele likaenda, na pengo hilo ninalo hadi leo. Mwalimu Zahara alituchapa wote watatu, pamoja na Habiba aliyekuwa amesimama tu. Aliyeng'atwa aliitwa Komora.

Komora alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa mchokozi, mwepesi wa mbio, na alijua kuigiza sauti ya kila mwalimu. Baada ya kumng'ata tukawa marafiki kwa namna fulani, maana alikuwa akiniita "Fisi" na mimi nikimwita "Nusu Sikio".

Zamu yetu ikaangukia Ijumaa. Mama alikuwa bado Garsen na shangazi. Baba alikuwa amebaki na sisi, mtu ambaye hakuwahi kuwasha jiko maishani mwake. Mpunga wake wote ulikuwa umeoza ndani ya maji na alikuwa na hasira ya kimya iliyojaa nyumba nzima. Alfajiri alipuliza kuni mbichi hadi macho yakamwiva. Sufuria ndogo ya chai ikatokota, ile kubwa ikakataa. Aliitazama, akaisukuma kwa mguu. Kisha akachukua mtungi, akaenda nao ukingoni, akaurudisha ukiwa karibu umejaa maji ya mto ya kahawia, akamimina juu yake maji ya sufuria ndogo. Ile harufu ikatoka.

"Baba, haya hayajachemka," nilisema.

Alinizaba kofi, si kubwa. "Wataka kuchapwa tena? Mama yako yuko kwa wagonjwa, mimi sina kuni. Ni ya moto, si ya moto? Haya, nenda. Kimbia."

Nilikimbia. Langoni Habiba alikuwa ametangulia, na Mwalimu Zahara alikuwa amekwisha kuukubali mtungi wake. Kiganja kikashuka kwenye wangu. Nilikuwa nikiangalia ukucha wa kidole chake gumba, uliokuwa na doa jeupe. Kikakaa hapo. "Vizuri, Rehema," alisema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akinisifu. Nilijisikia mtu mkubwa. Tulimimina mitungi yetu katika pipa la darasa la tano, rangi ya kahawia ikapotea ndani ya bluu, na darasa likanywa.

Mimi sikunywa. Siwezi kujitetea hapo. Nilisema sina kiu, siku nzima, katika joto la kule kwetu.

Jumamosi jioni watoto watano walianza kuharisha, wanne wa kwetu na mmoja wa Waorma. Wote walikuwa wa darasa la tano. Hakuna hata mmoja wa darasa jingine aliyeugua, kwa hiyo utaratibu wa Mwalimu Zahara ulifanya kazi yake kikamilifu, ukamwonyesha kila mtu pipa lenye ugonjwa. Nilimwona Komora akibebwa. Walikuwa wamemweka katikati ya wanaume wawili juu ya pikipiki, kichwa kikiyumba, maji meupe yakimtoka miguuni hadi kwenye bomba la moshi, yakichemka pale na kunuka. Alikuwa akipiga kelele kwa sababu ya misuli, na kelele hizo hazikuwa sauti ya mtu yeyote niliyemjua. Alikufa kabla hawajafika daraja la Idsowe. Wale wanne wengine walipona, lakini sisi hatukulijua hilo kwa siku kadhaa.

Walimzika Jumapili, haraka, kwa mfuko wa nailoni na watu wachache, bila kumwosha kama ilivyo desturi. Nadhani hilo ndilo lililowavuruga wanaume kuliko kifo chenyewe. Usiku kucha kulikuwa na maneno. Nani alikuwa na zamu? Habiba. Mtoto wa Orma. Jina langu nalo lilikuwepo, lakini nilikuwa mtoto wao, na hakuna aliyetaka kulitamka. Asubuhi ya Jumatatu habari ilikuwa tayari imekamilika. Waorma walikuwa wametia kitu ndani ya maji.

Tulikuwa darasani tulipowasikia. Habiba alikuwa amekuja shuleni, fikirieni, kwa sababu hakuna aliyemwambia lolote. Mwalimu Zahara aliingia mbio, akatusukuma sote mwisho wa chumba, akatoka na kuurudisha mlango, akasimama nje mbele yake. Dirisha letu halikuwa na vioo, lilikuwa na nondo tu, kwa hiyo niliona kila kitu. Walikuwa wanaume kama thelathini. Wengine walikuwa na panga za shambani, wengine rungu, mmoja alibeba kafi la mtumbwi. Baba alikuwa mbele. Mwenyekiti, baba yake Komora, alikuwa nyuma, akitembea kama mtu anayesukumwa.

"Mwalimu, maji ile ya Ijumaa nani alileta?"

"Maji ya Ijumaa niliyapokea mimi," alisema Mwalimu Zahara.

"Hatuulizi wewe! Nani alileta?"

"Tupe huyo mtoto wa Orma, basi, sisi hatuna neno na wewe!"

"Yuko ndani? Sema, yuko ndani?"

Habiba alikuwa ameingia chini ya dawati na kunishika mguu kwa mikono yote miwili. Alininong'oneza, "Rehema, wao nataka mimi?" Nikamwambia hapana. Mkojo wake uliteremka kwenye saruji ukalowesha soksi zangu.

Mwalimu Zahara aliinua kiganja chake cha kushoto wakione wote. "Mtungi hauingii shule hii bila mkono huu. Uliupima, ukasema mazuri, ukakosea. Mnataka mtu? Mtu ni mimi."

Baba akampiga. Alimpiga kwa rungu, juu ya mkono ule ule uliokuwa hewani, na nikasikia mfupa. Nitawaambia jambo la aibu sasa. Wakati rungu linashuka nilifurahi. Niliwaza zile fimbo nne na moja ya mguuni, na kitu ndani yangu kikasema, naye aonje. Furaha hiyo haikudumu hata pumzi moja, kwa maana alitoa sauti fupi ya chini, akaushika mkono, na mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kisha wengine wakaingia. Walimpiga mgongoni, mabegani, mmoja alimpiga teke la tumbo. Kilemba chake kilimtoka na tukaona nywele zake, zilizokuwa na mvi. Watoto walikuwa wakipiga mayowe. Mimi nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja kupitia nondo zile. Neno lenyewe lilikuwa "mimi". Nilifungua mdomo na halikutoka.

Hakukimbia. Alipoona hawezi tena kusimama, alifanya jambo ambalo nilidhani ni kuanguka. Alijilaza kizingitini, ubavu, miguu ameikunja upande mmoja na kichwa upande wa pili, akaziba mlango wote. Kwetu mwanaume hamruki mwanamke aliyelala chini. Ni mkosi, mbegu yake itakauka, kila mtoto wa mtoni anajua hivyo. Wanaume wenye panga walisimama. Walimpiga, ndiyo, mmoja wao alimpiga tena akiwa pale chini, lakini hakuna aliyeinua mguu kumvuka. Mmoja alijaribu kumvuta kwa kifundo cha mguu, naye kwa mkono wake mzima akashika nguzo ya mlango. Alikuwa akitoa damu puani na alikuwa akisema, bila kupaza sauti, "Mimi. Niulizeni mimi."

Walikuwa bado wanauliza, nani, nani, taja jina. Ndipo baba yake Komora alipopita katikati yao. Alikuwa na matope ya kaburi miguuni. Aliketi chini, akamweka Mwalimu Zahara nyuma ya mgongo wake, akawatazama wenzake. "Jana nimezika mmoja," alisema. "Mnataka nizike hadi wangapi?" Wakaanza kuondoka, wa pembeni kwanza.

Jioni ile watoto wa kijijini walinijia. Walisema baba yangu ni simba, ameanza yeye kabla ya wote. Nilijivuna. Niliona haya na nikajivuna kwa wakati mmoja, na sijui mtoto anawezaje kuwa na vitu viwili hivyo ndani ya kifua kimoja. Niliwaza kwamba Baba alimpenda sana Komora. Kuhusu ule mtungi na sufuria ndogo, nilijiambia amesahau, mtu mzima ana mambo mengi. Alikaa nje hadi giza, hakula. Hatukuwahi kulitaja, yeye na mimi, hadi siku alipokufa.

Polisi walikuja kutoka Garsen kumwuliza Mwalimu Zahara ni akina nani waliompiga. Alisema walikuwa wengi, vumbi lilikuwa jingi, hakumtambua mtu. Vidonge vya maji navyo vikaja, katoni nzima, wiki hiyo hiyo. Familia ya Habiba ilihamisha ng'ombe kabla ya mwezi kwisha, na Habiba hakurudi. Panga hazikupanda uwandani, na mikuki ya uwandani haikushuka mtoni. Mwalimu Zahara alihamishwa akiwa bado na plasta. Tukapewa mwalimu mkuu mpya, mpole, ambaye hakupima chochote.

Nilimtafuta nilipokuwa tayari mama wa watoto wawili. Niliambiwa anakaa Madogo kwa mdogo wake, amestaafu. Nilimkuta ukumbini, mchana, akichambua mchele kwenye ungo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, vidole vimekunjika, havifunguki wala havifungi. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akanitazama pengo langu, akasema, "Rehema." Nikapiga magoti hapo hapo. Nilitaka kusema polepole lakini yalinitoka kama matapishi, kuni mbichi, sufuria ndogo, kofi, mbio. Nikamwambia maji yalikuwa yangu. Nikamwambia nimemwua Komora na nimemvunja yeye mkono, na nilinyamaza dirishani.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha alisema kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja hakumwua mtu. Alisema yeye ndiye aliyenifanya niogope maji yaliyopoa, kwamba usiku mwingi ameyafikiria yale maji yangu mazuri aliyoyamwaga mchangani. "Nilikuwa nachapa joto," alisema. "Sikujua kingine cha kuchapa." Aliondoa jiwe katika mchele, akalitupa nje.

Nikamwuliza, je, alijua? Alijua siku ile kwamba ni maji yangu, si ya Habiba?

"Langoni sikujua. Nilijua kizingitini."

"Ulijuaje, Mwalimu?"

"Wale wote walikuwa wakiniuliza," alisema. "Hata wakinipiga waliniuliza, nani ameleta maji, nani ameleta maji. Baba yako peke yake hakuuliza."